Mlezi wa Taarifa za Mzee Shomari

Nchi ya Stara haimo kwenye ramani. Duniani imo, ina mipaka, ina bendera, ina foleni, lakini serikali yake iliwaandikia wachora ramani wote kuwakumbusha kwamba mahali nchi ilipo ni taarifa binafsi ya nchi, na wachora ramani, ambao hawapendi kesi, wakaifuta. Tangu hapo mgeni hafiki Stara ila amepotea njia. Wizara ya Siri na Uwazi huliandika jambo hilo kila mwaka katika orodha ya mafanikio yake.

Sheria inayosimuliwa hapa ilizaliwa msibani. Waziri mmoja alikata roho ghafla akila chakula cha mchana, na simu yake ikabaki bila nywila mikononi mwa wajane wake wawili, ambao mpaka saa ile kila mmoja alijijua kuwa yuko peke yake. Waliifungua wakiwa mkekani, katikati ya waombolezaji, wakasoma kwa zamu, tena kwa sauti. Kabla jeneza halijatoka, mawaziri watatu walikuwa wamelazwa kwa shinikizo la damu, jaji mmoja alikuwa ameomba likizo isiyo na tarehe ya kurudi, na mkandarasi wa barabara ya mpakani alikuwa ameitoroka nchi kwa barabara aliyoijenga mwenyewe, na kwa sababu hiyo hakufika mbali.

Bunge likakutana alasiri ileile. Wabunge hao, ambao mswada wa maji ulikuwa umewakalisha miaka kumi na moja, waliipitisha Sheria ya Stara ya Marehemu kwa dakika ishirini na mbili, wimbo wa taifa ukiwemo.

"Marehemu ni raia mwenye haki kamili," alisema Spika akifunga kikao. "Na katika raia wote ndiye pekee ambaye hajawahi kuilalamikia serikali hii. Tutamlinda kwa wivu."

Kwa sheria hiyo, mtu akishakata roho, kila alichokiacha ndani ya simu, kompyuta na mitandao, iwe picha, barua, sauti au orodha ya vitu vya kununua sokoni, huingia chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Taarifa za Marehemu, ambayo watu huiita Mahitama. Ndugu hawaruhusiwi kugusa kitu. Kifungu cha nne kinatoa sababu: ndugu ndio watu wenye hamu ya kujua.

Mwanakheri Shomari hakuwa na ugomvi na sheria hiyo. Alikuwa mpimaji wa maji katika maabara ya wilaya, mwanamke wa miaka arobaini na sita aliyeamini kitu kikishapimwa mara tatu na kutoa jibu lilelile. Aliisoma sheria yote gazetini, akaona kwamba kifungu cha kumi na nne kimetangulia cha kumi na mbili, akasikitika kidogo, akaendelea na kazi. Hakuwa na siri za kufichwa wala za kufichuliwa. Alichokuwa nacho ni ugomvi mmoja na baba yake, na huo mtaa mzima ulikuwa unaujua.

Ugomvi ulitokana na kisima. Mzee Shomari Kitwana, fundi saa mstaafu, alikichimba kwa ajili ya marehemu mkewe, kiwe sadaka ya kudumu: kila atakayekunywa, thawabu zimfikie mama yake Mwanakheri kaburini. Watu walikunywa miaka tisa. Mwaka wa kumi Mwanakheri alipima maji yale kama alivyopima ya visima vyote vya wilaya, akakuta vijidudu vya kinyesi mara arobaini ya kiwango. Akapima tena. Akapima mara ya tatu. Kisha akasaini hati, na wafanyakazi wa halmashauri wakaja wakakifunika kwa zege.

Mzee hakupiga kelele. Alisimama kando ya zege ambalo lilikuwa bado bichi, mbele ya majirani, akamwambia binti yake wa pekee, "Maji ya mama yako umeyaita uchafu. Sina radhi nawe." Akaingia ndani. Kwa miaka sita hakusema naye tena.

Wanaojua uzito wa radhi ya mzazi hawahitaji kuelezwa, na wasioujua waulize majirani: mtoto asiye na radhi hupanda pasiote, hujenga pakapasuka, hupika chungu kikavuja. Mwanakheri hakuyaamini hayo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyapima. Ila katika miaka hiyo sita kila kilichovunjika nyumbani kwake alikiandikia tarehe.

*

Siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, alikuwa akihesabu vijidudu kwa darubini, redio ya maabara ikiwa wazi kama kawaida. Msomaji wa matangazo ya vifo akasema kwa sauti yake nzito:

"Redio ya Taifa inasikitika kutangaza kifo cha mzee mmoja, kilichotokea leo alfajiri. Maziko yatafanyika leo alasiri mahali panapojulikana na wanaohusika. Habari ziwafikie watoto wake, wajukuu, na jamaa wote popote walipo, ambao kisheria haturuhusiwi kuwataja."

Mwanakheri aliwaonea huruma wanaohusika, akaendelea kuhesabu. Alifika vijidudu mia tatu na nane ndipo simu yake ilipolia. Alikuwa Bi Chausiku, jirani ya baba yake.

"Mwanangu, mbona huji? Hukusikia tangazo?"

"Nimelisikia," alisema Mwanakheri.

*

Alipofika, ofisa wa Mahitama alikuwa ameshatangulia. Simu ya mzee ilikuwa imeoshwa kwa spiriti, imezungushiwa kitambaa cheupe, imetiwa katika mfuko wa zipu na kupigwa lakiri. Ikapita mlangoni kabla ya mwenyewe. Wanaume wawili waliokuwa wamekaa barazani walisimama kwa heshima, wakidhani ni maiti ya kichanga.

Baada ya maziko Bi Chausiku alimvuta Mwanakheri jikoni. Bibi huyu ndiye aliyemwuguza mzee miezi minne ya mwisho, na alikuwa na desturi ya kuanza habari katikati.

"Alirekodi," akasema. "Jumatano, baada ya uji."

"Alirekodi nini?"

"Sauti. Kwenye simu. Kasema ni yako."

Mwanakheri akaweka chini sinia alilokuwa amelishika. "Shikamoo, mama. Hebu anza mwanzo."

"Marahaba. Mwanzo ndio huo. Kashika simu, kaniambia, Chausiku, nenda kaangalie kama mbuzi wamefungwa. Mbuzi wenyewe tuliwauza mwaka juzi. Nikajua ananitoa, nikatoka. Nikakaa dirishani."

"Ukasikia?"

"Nisikie wapi? Lile feni lenu linanguruma kama mashine ya kusaga. Naona midomo tu inakwenda."

"Uso wake ulikuwaje? Alikuwa na hasira?"

"Ulikuwa uso wa baba yako. Tangu lini ukamwambia mtu kitu?" Bi Chausiku akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Alipomaliza kaniita, kanionyesha kioo. Dakika nne na sekunde kumi na moja. Kasema, hii ya Mwanakheri, nitaituma Ijumaa baada ya sala, nikishaisikiliza tena. Nikamwambia, si uitume sasa hivi, mzee? Kanijibu, saa haitoki dukani siku ileile iliyotengenezwa, sharti ikae kwanza uone kama inakwenda."

Sala ya Ijumaa hakuifikia.

Basi kuanzia siku hiyo Mwanakheri akawa anajua mambo mawili kwa hakika. Jibu la miaka yake sita lipo, lina urefu wa dakika nne na sekunde kumi na moja. Na ndani ya urefu huo mtu anaweza kusema "nimekuwia radhi" mara themanini, au akaeleza bila haraka kwa nini hawezi.

*

Makao makuu ya Mahitama ni jengo la vioo vitupu, kwa ajili ya uwazi, na vioo vyote vimepakwa rangi nyeusi, kwa ajili ya siri. Ndani yake hakuna anayeitwa kwa jina, kwa sababu jina ni taarifa binafsi. Zamani waliita kwa namba, mpaka mwanasheria wa Mamlaka alipogundua kwamba namba nayo humtambulisha aliyeishika. Sasa mhudumu hutokeza kichwa na kusema, "Anayehusika." Ukumbi mzima husimama. Hapo huingia mwenye viwiko, na wengine huketi tena.

Mwanakheri hakuwa na viwiko. Aliingia siku ya tatu, kwa sababu waliokuwa mbele yake walikwenda kula.

"Wewe ni nani kwa marehemu?" aliuliza mama wa dirishani, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Bintiye."

Yule mama akaandika pole pole, *mwenye maslahi*, kisha akalisogeza dirisha mpaka ukabaki upenyo wa vidole vitatu.

"Pole, dada. Ungekuwa si bintiye ungeweza kuomba."

"Kwa hiyo mtu asiyemjua baba yangu anaweza kumsikiliza?"

"Ndiye tunayemtafuta. Tena marehemu wako ana bahati, ameshapata Mlezi." Akachungulia jalada. "Mlezi wa Taarifa sharti awe hakumjua marehemu, hatoki wilaya yake, si kabila lake, na kwenye usaili athibitishe kwamba wazee hawamvutii. Wako amepata alama tisini na sita."

"Na mimi nifanye nini?"

"Unaweza kuomba idhini ya mwenye taarifa."

"Mwenye taarifa amekufa."

"Hiyo ndiyo sababu jalada limefika kwetu," alisema yule mama kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa dawa.

Mwanakheri aliomba idhini. Aliandika ombi lenye kurasa mbili, lenye tarehe, vipimo na viambatisho. Mahitama ikatuma ofisa makaburini kubandika ilani kwenye kijiti, ikimtaka mwenye kaburi aeleze ndani ya siku kumi na nne kama anaafiki. Siku ya tisa mvua ilinyesha, wino ukaoshwa ukaingia udongoni. Ofisa akaandika katika taarifa yake: *Marehemu ameipokea ilani. Hajajibu. Ukimya wake unatafsiriwa kuwa bado anatafakari.*

Wakati marehemu akitafakari, Mwanakheri alipata ujumbe kutoka kiwanda cha vigae. *Pole kwa msiba. Baba yako alipenda rangi ya kijani na hakupenda makaburi yenye mbwembwe. Tunacho kigae chake.* Alirudi dirishani kuuliza kiwanda kimejuaje.

"Wale ni wadau," alijibu mama wa miwani. "Kifungu cha ishirini. Wadau hawana hisia na marehemu, kwa hiyo hakuna hatari."

*

Sheria inampa mfiwa ziara moja kwa Mlezi wake, nusu saa, maswali yawe ya jumla. Mwanakheri alikwenda siku ya ishirini na tisa tangu msiba. Mlezi aliitwa Gaudensi Mtweve, kijana wa miaka thelathini na moja, mwembamba, shati limenyooshwa kila pembe. Alikuwa amelelewa katika nyumba ya watoto ya serikali na hakuwahi kuwa na mzee wa kumvutia au kutomvutia, na huko ndiko zilikotoka alama zake.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza kila kitu na kukipanga. Mzee Shomari, ambaye macho yake hayakuweza tena kusoma herufi ndogo, alikuwa mtu wa kutuma sauti: aliacha sauti elfu tatu mia moja na kumi na mbili, kwa wateja wa zamani, kwa imamu, kwa Bi Chausiku aliyekuwa chumba cha pili.

"Shikamoo, mama. Karibu chai," alisema Gaudensi, akamimina kutoka kwenye chupa. "Nimetia tangawizi nyingi. Chai isiyo na tangawizi ni maji yaliyopata homa."

Mwanakheri hakukigusa kikombe. Maneno hayo aliyasikia kila asubuhi ya utoto wake.

"Hayo umeyatoa wapi?"

Gaudensi akaona alichofanya. Akaangalia mlango, kisha akasema kwa haraka, "Ni msemo wa kawaida."

"Si msemo wa kawaida. Ni wa mtu mmoja."

"Mama, naomba maswali yawe ya jumla."

Gaudensi akavuta mkono wa shati. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevaa saa ya zamani ya kutia ufunguo, ya kununuliwa mtumba, na alikuwa akiitia ufunguo kwa vidole viwili, taratibu, akisimama kabla haijakaza. Hakuna kijana wa rika lake aliyejua kufanya hivyo bila kufundishwa.

"Kuna sauti ya Jumatano," alisema Mwanakheri. "Dakika nne na sekunde kumi na moja."

"Naweza kuthibitisha kwamba ipo."

"Inahusu nini?"

"Inahusu mada."

"Baba amenipa radhi au hakunipa? Sitaki maneno yake. Nataka jibu la ndiyo au la. Hata maabara tunatoa jibu la ndiyo au la bila kutaja jina la mwenye kisima."

Gaudensi alifungua kitabu cha kanuni, akasoma ukurasa ambao bila shaka alikuwa anaujua. "Ndiyo ni taarifa," akasema. "La nayo ni taarifa."

"Umeisikiliza?"

"Nimeisikiliza."

"Mara ngapi?"

Kijana akafunga kile kitabu. "Mara tisa."

"Kazi inataka mara ngapi?"

"Moja."

Nusu saa ikaisha hapo. Mwanakheri alisimama, akashika ukingo wa meza. Mara tisa. Mtu husikiliza mara tisa jambo zuri. Lakini pia husikiliza mara tisa jambo baya asiloweza kuamini. Ushahidi ulikuwa mmoja na majibu mawili, na yeye alijua, kwa elimu yake, kwamba hali hiyo haina jina lingine ila kutojua.

Alipofika mlangoni Gaudensi akasema nyuma yake, kwa sauti ndogo, "Mama, usikae na chakula hadi kipoe. Unafanya hivyo tangu mdogo." Kisha akaongeza, "Watu wengi hufanya hivyo. Nasema kwa jumla."

*

Hitima ya arobaini ilisomwa nyumbani kwa mzee. Pilau ilipikwa, shehe akaalikwa, watu wakajaa uani. Sheria inasema wasifu wa marehemu usomwe na Mlezi peke yake, kwa kuwa ndiye mwenye taarifa sahihi, na Gaudensi alifika amevaa suti nyeusi, akifuatana na Mkurugenzi wa Mahitama, Dakta Stambuli Ngwele, mtu mnene ambaye alikaa viti viwili, cha pili kikiwa cha mkoba wake.

Gaudensi akasimama, akafunua karatasi ambayo nusu yake ilikuwa mistari myeusi.

"Marehemu alizaliwa mwaka fulani," alisoma, "akiwa mtoto wa watu wawili. Alisoma kiasi. Alijifunza kazi, akaifanya. Alioa mwanamke. Alichimba kitu. Kitu hicho baadaye kilifunikwa."

"Mbona huyu anaweza kuwa mume wangu?" alinong'ona mwanamke mmoja nyuma.

"Wako hakuchimba kitu, shoga," alijibu mwenzake.

"Katika siku zake za mwisho," Gaudensi akaendelea, "marehemu alimkumbuka mtu." Mstari uliofuata ulikuwa mweusi. Aliutazama. Watu wakangoja, sufuria zikisikika jikoni. Akajaribu kuruka uliofuata, nao ulikuwa mweusi, na machozi yakamtoka, mengi, yakidondoka juu ya karatasi ya serikali.

Mwanakheri alimtazama kama anavyotazama chupa ya maji inayobadilika rangi. Alitafuta machozi yale yana maana gani. Wote uani walikuwa wakilia wakati huo, na hakukuwa na tofauti ya kuonekana kati ya machozi na machozi.

Dakta Ngwele akainuka. "Ndugu wafiwa," alisema, "mnachokiona si kilio. Kitaalamu tunakiita uvujaji. Ofisa huyu ameruhusu taarifa za ndani ya jalada kumtoka kupitia macho. Mamlaka yangu haitavumilia. Nchi zilizoendelea zimeanguka kwa tone moja. Kwa kuwa usalama wa marehemu uko hatarini, ninaagiza apewe haki yake kuu kuliko zote, haki ya kusahauliwa. Jalada lote litateketezwa ndani ya siku tano." Akaketi, kisha akainuka tena. "Pilau ni nzuri sana. Naomba hilo lisinukuliwe."

*

Siku tano hizo Mwanakheri alizitumia kama mtu mwenye akili timamu anavyotakiwa. Alikata rufaa mahakamani. Karani akamwambia kesi za faragha husikilizwa kwa faragha, kwa hiyo hata walalamikaji hawajulishwi tarehe. Alimwendea mbunge wake. Mbunge akamsikiliza kwa makini, akamshika mkono, akamwambia hata yeye, akifa, asingependa. Alimngoja Gaudensi kwenye geti la Mahitama saa za kutoka kazini. Kijana alimwona, akasimama, akafungua mdomo. Maofisa wawili waliokuwa wakimsindikiza wakamgeuza kwa mabega, kama mtu anavyogeuza kiti.

Uteketezaji ulifanyika Jumanne saa tatu, kwa bendi ya matarumbeta. Wafiwa walialikwa kushuhudia wakiwa nyuma ya pazia. Walisikia fundi wa Mamlaka akisoma namba ya jalada, wakasikia tarumbeta, wakasikia kitu kikibonyezwa mara moja, kidogo tu, kama swichi ya taa. Basi. Sauti elfu tatu mia moja na kumi na mbili. Mwanakheri alitazama saa ya ukutani: ilikuwa imechukua muda mfupi kuliko sauti ya Jumatano peke yake.

Pazia likafunguliwa. Dakta Ngwele alikuwa ameketi nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani, na kando yake alisimama Gaudensi, uso umenawa.

"Serikali yetu si katili," alisema Mkurugenzi. "Kanuni ya thelathini na moja inasema haki zote ambazo marehemu hakuzitekeleza zinahamia kwa Mlezi. Nimesoma ombi lako. Unalalamikia radhi. Radhi ni haki ya mzazi ambayo ama ilitekelezwa au haikutekelezwa, na kwa kuwa sasa hakuna rekodi, kisheria haikutekelezwa. Kwa hiyo Mlezi anayo. Anaweza kukupa hapa hapa, kwa fomu namba saba. Ni ya mwaka mmoja, na inahuishwa."

Mwanakheri alimgeukia Gaudensi. "Unayotaka kunipa ni yake au ni yako?"

"Ni ya Mamlaka, mama," alisema Gaudensi.

"Wewe uliisikia. Sasa jalada halipo, hakuna cha kulinda. Alisema nini?"

Kijana alimtazama, na katika macho yake kulikuwa na kitu kilichotaka kutoka. "Nimeapishwa leo asubuhi," akasema. "Kiapo cha kusahau. Kwa Msahafu na kwa Biblia, vyote viwili, maana hawakuwa na uhakika na imani yangu." Akaigusa saa yake mkononi. "Nimeapa, mama. Sijui nimelelewa vipi, lakini nikiapa naapa."

"Anayepokea apige magoti, kama mila inavyotaka," alisema Dakta Ngwele, akiitazama fomu.

Mwanakheri alikuwa anajua vizuri sana mbele yake kuna nini. Chupa ya maji ikiletwa maabara bila kuandikwa imetoka kisima gani, haipimwi, inamwagwa. Miaka ishirini na mbili alikuwa akizimwaga. Karatasi hii haikutoka kwa baba yake, haikusema alichosema baba yake, na mtu aliyeishika alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano. Alikuwa na haki zote za kugeuka na kutoka, na hakuna ambaye angemshika.

Akapiga magoti. Sakafu ilikuwa ya vigae vya kijani, baridi. Gaudensi akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, akiacha nafasi ya sentimita tano, kwa kuwa nywele ni taarifa za kibayolojia.

"Nimekuwia radhi," alisema kijana, "duniani na akhera, hadi tarehe kama ya leo mwakani." Sauti yake ilikatika kwenye neno la akhera. Mkono haukushuka.

Mwanakheri akasubiri kuona kama kuna kitu kitakachobadilika kifuani mwake. Hakuwa na kipimo cha hapo. Alipoinuka walimpa cheti chenye muhuri, na kwa kuwa cheti ni waraka unaoweza kuangukia mikononi mwa watu, jina la mtoa radhi lilikuwa limefutwa kwa wino mweusi, na jina la mpokeaji pia.

Mlinzi wa mlangoni alikikagua, akakigonga muhuri wa kutokea.

"Usichelewe kuhuisha, mama. Wengi husahau."

"Na nisipohuisha?"

"Inarudi ilivyokuwa."

"Ilikuwaje?"

Mlinzi alifikiri kwa uaminifu. "Hilo hata mimi sijui," akasema. "Humu ndani nadhani hakuna anayejua."

Mwanakheri akakikunja cheti mara mbili, akakitia mkobani, akauliza foleni ya kuhuisha huwa inaanza saa ngapi.